Mkono wa Kwanza Majini

Kabla hatujajua kuwa ni ugonjwa, ilikuwa kichekesho cha nyumba nzima: mama alikuwa akipoteza kandambili. Alitoka chumbani na mbili, akafika bombani na moja. Ya pili ilibaki katikati ya uchochoro, imelala kifudifudi kwenye tope, na mwenyewe hana habari.

"Mama Vitumbua!" wapangaji wenzetu walimwita kutoka barazani. "Mguu wako umeuacha huku!"

Aligeuka, akatazama chini, akacheka kuliko wote.

Tuliishi Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, katika nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Mimi na mama tulishika chumba cha mwisho, mkono wa kushoto. Alfajiri, malori ya ndizi yakianza kuingia, mama alijitwisha ndoo ya unga wa mchele uliolala ukaumuka, akaenda kwenye kona yake kukaanga vitumbua. Kona ile alikuwa nayo tangu soko la zamani halijavunjwa. Lilijengwa hili jipya, na paa lake la zege lililofunguka kama miavuli, naye akabaki palepale, wachukuzi na makarani wakimjia kwa zamu. Vidole vyake havikuogopa moto. Kitumbua kilichokataa kugeuka kwa kijiti alikigeuza kwa ncha za vidole, huku akiendelea kumtania mteja.

Kisha siku moja alianguka. Hapakuwa na jiwe wala shimo. Mguu tu ulikanyaga bila yeye kujua umekanyaga wapi, na unga wote ukamwagika barabarani, mweupe, ukitafuta njia kuelekea mtaroni, mwaka ambao mchele ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Niliuona uso wake nilipofika. Hakuwa akilia. Alikuwa akiitazama miguu yake kama mtu anavyowatazama wageni waliokaa sana.

Hospitali walisema ni sukari. Walimpa vidonge, na wakamwambia asitumie vitu vitamu. Mama alitoka pale akicheka.

"Sukari yenyewe kwenye duka la mgawo la kaya haijaonekana tangu mfungo," aliniambia. "Basi mimi nimeshatibiwa zamani."

Vidonge viliisha. Tuliporudi tuliambiwa dawa haijafika, tujaribu tena baadaye. Tulijaribu tena, na tena. Miguu ikaendelea kwenda zake. "Nikikanyaga," alisema, "ni kama nakanyaga pamba ya mtu mwingine." Sasa ilibidi nimshike mkono hadi kwenye kona, na jambo hilo lilimuumiza kuliko ganzi. Alinizaa, akanilea peke yake na kunisomesha kwa mafuta ya lile karai la vitumbua. Kuongozwa na mimi mbele ya wachukuzi wake aliona ni kuvuliwa nguo.

"Nataka kitu kimoja tu, baba," aliniambia. Aliniita baba kwa sababu nilirithi jina la baba yake. "Nitoke hapa mlangoni niende kwenye karai langu, bila mkono wa mtu. Basi. Mengine yote Mungu akipenda achukue."

Miezi ile nilikuwa kijana mwenye moto kifuani. Mimi na wenzangu wachache tulikuwa tukikutana jioni, juu ya ghorofa moja karibu na Mnazi Mmoja, tukisomeana hadithi zetu na kubishana hadi sauti zikauke. Nilikuwa na maneno kwa kila kitu. Kwa miguu ya mama sikuwa na hata moja.

Aliyekuwa na neno ni shoga yake. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mtu wa Rufiji, aliyepanga chumba kilichotazamana na chetu na kusuka mikeka ya ukindu mchana kutwa uani, mdomo ukienda pamoja na vidole. Mimi nilimwita mama mdogo.

"Miguu hiyo haijafa," alimwambia mama. "Imelala. Kwetu kuna maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, hayajawashiwa kuni na mtu. Nikiwa mwari nilimwona mzee aliyebebwa kwa machela kwenda pale, akarudi anamtukana mkewe kwa nini hakumletea viatu."

"Sasa kwa nini wewe hujaenda kuoga ukapata mume mwingine?"

"Maji yanatibu miguu, shoga, hayatibu ujinga."

Mambo yalipangwa kwa kicheko hicho hicho. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa dereva wa lori lililoleta boriti kutoka Rufiji. Angetuchukua Jumamosi, tulale kijijini, tuoge Jumapili asubuhi, na tuwe tumevuka kizuizi cha kuingilia mjini kabla ya saa nane mchana. Saa nane ndiyo iliyokuwa saa yenyewe. Miaka ile mafuta yalikuwa adimu, na Jumapili baada ya saa nane gari halikuruhusiwa kutembea hadi kesho yake alfajiri.

Mama mdogo alitufundisha masharti njia nzima, ameketi juu ya gunia, kelele za lori zikimkatisha. Uende mapema, kabla ya mtu mwingine kufika. Uchukue yai, uliweke juu ya jiwe kwa heshima ya wenye maji. Uvue viatu. Na kubwa kuliko yote: hakuna mkono unaotangulia wa mgonjwa. Asiyeumwa akichovya hata kidole kabla ya mgonjwa, nguvu ya maji inamfuata yeye, na mgonjwa anaachiwa maji matupu. Mgonjwa atangulize miguu, ndiyo inayoumwa. Mikono yake na uso vitafuata mwisho. Anayemsindikiza kazi yake ni kuuliza: "Maji vipi?" Na mgonjwa ajibu.

"Nimekuelewa," mama alisema, yai amelishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Tulilipata kwa kuhangaika. Alikataa kuliweka chini hata lori liliporuka mashimo.

Asubuhi mkata boriti mmoja, rafiki wa mjomba, alituchukua kutoka kijijini. Mjomba alibaki akipakia. Mama alipanda nyuma ya baiskeli, mimi nikaisukuma, mkata boriti akitangulia na panga kufungua njia. Kijiji tulichokiacha kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari miwili kando ya barabara. Huko tulikokuwa tukienda ndiko walikokaa watu zamani, kabla hawajahamishwa. Tulipita penye minazi isiyo na mtu wa kuikwea, penye vizingiti vya nyumba vilivyobaki peke yake katikati ya nyasi. Baada ya hapo ilikuwa pori tupu, na nyayo za viboko zilizokaukia kwenye udongo, kubwa kama sinia.

Tuliinusa chemchemi kabla ya kuiona. Ilinuka kama kiberiti kilichozimwa. Mkata boriti alisimama, akatugeukia.

"Sikilizeni. Kanyageni penye mizizi ya nyasi tu. Hapo penye ukoko mweupe, hapana. Chini yake maji yanachemka, na ukoko ule ni kama utando wa uji. Jicho la maji liko kule juu, palipo na moshi. Kutoka pale yanashuka kidimbwi baada ya kidimbwi, na yanapoa kadiri yanavyoshuka. Mnaogea cha chini kabisa, penye matete. Mnauona ule mti wa mvumo ulioinama? Msiupite. Juu ya mvumo hata kuku ananyonyoka."

"Tumesikia," tulijibu wote watatu.

"Na wanaume ni huku."

Alinionyesha gogo nyuma ya kichaka, mgongo kwa maji. Yeye mwenyewe alisema anakwenda mara moja kuchuma ndimu kwenye kiwanja chao cha zamani, mti wa marehemu mama yake ungali unazaa. Niliwatazama mama na shoga yake wakishuka taratibu, wameshikana, kanga zimefungwa vifuani, mama peku, akiinua miguu juu kupita kiasi kama anayevuka kizingiti kisichokuwapo. Kisha nikageuka nikakaa.

Kwa hiyo yaliyotokea sikuyaona. Niliyasikia.

Nilisikia yai likiwekwa juu ya jiwe, maana mama mdogo alisema, "Polepole, lisibingirike." Nikasikia maji yakikorogwa.

"Maji vipi?"

"Hayana kitu," mama alijibu.

"Hayana kitu vipi?"

"Hayana moto. Shoga, umenitoa Kariakoo hadi huku kuja kuniogesha maji ya mtungi?"

Walicheka, na mimi huku nikacheka.

"Labda hayajakutambua."

"Basi ngoja nisogee nijitambulishe."

Sauti zao zilihama. Zilikuwa chini kulia kwangu, sasa zilikuwa sawa na bega langu.

"Hapa je? Maji vipi?"

"Yaleyale. Wala uvuguvugu."

"Mama!" niliita. "Tumeambiwa msiupite mvumo!"

"Wewe!" mama mdogo alinijibu. "Umegeuza shingo?"

"Sijageuza!"

"Sasa mvumo unauonea wapi? Kaa na hadithi zako huko. Huku ni kwa wake za watu."

"Mwache mwanangu," mama alisema. "Anaogopa nitarudi mwari, nimletee baba wa kambo."

Vicheko tena, vikizidi kupanda. Nilikaa juu ya gogo, mikono katikati ya magoti. Ningeweza kugeuka. Lakini mama alikuwa na kanga moja mwilini, na mimi nilikuwa mwanawe wa kiume, na katika malezi yangu hakuna ukuta uliokuwa mrefu kuliko huo. Isitoshe, mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa ndani ya maji. Nani mwingine wa kuulizwa kama yana moto?

"Sasa?" nilisikia.

"Subiri."

"Maji vipi?"

"Naona kama kitu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo, ya mtu anayesikiliza hodi ya mbali. "Kwa mbali. Hapa juu, karibu na goti, panafukuta. Subiri, usinisemeshe."

Mvuke ulipita juu ya kichwa changu na ile harufu yake.

"Inaamka," mama alisema. "Shoga, inaamka! Wallahi naisikia inaamka!"

Mama mdogo alipiga kigelegele, porini kule, kwa ajili ya miguu miwili. Na mimi nilifumba macho. Nilimwona mama akitoka mlangoni na ndoo yake kichwani, mkono mmoja umeshika ndoo na mwingine unaning'inia huru, haukushikwa na mtu. Sijawahi kufurahi namna ile kabla wala baada ya siku hiyo.

Alikaa pale muda mrefu, ameketi juu ya jiwe, miguu ndani. Walizungumza habari za watu wa nyumba yetu. Waliposhiba maongezi, mama mdogo akasema, "Haya, wewe umeshapata chako. Sasa na mimi nipate baraka japo ya uso." Akainama kuteka maji kwa kiganja.

Alichotoa si neno. Ulikuwa ukelele kama wa mtu aliyekanyaga nyoka.

"Toa!" alipiga kelele. "Toa miguu! Toa!"

Na sauti ya mama, tulivu, ya kushangaa: "Kwani nini?"

Nilikimbia. Sikumbuki kama nilikanyaga nyasi au ukoko. Mvumo ulikuwa chini yao, wameupita kwa mbali, na mvuke ulikuwa ukimzunguka mama hadi kiunoni. Mama mdogo ameufumbata mkono wake kifuani. Nilimkwapua mama kutoka kwenye jiwe, nikambeba hadi kwenye nyasi, naye akanipigapiga begani, "Niache, baba, sianguki, nimepona." Kisha akafuata macho yangu, akatazama chini.

Ngozi ya miguu yake ilikuwa imebambuka. Imejikusanya kifundoni kama soksi iliyolegea.

Aliitazama kwa muda. "Haiumi," alisema, kama anayetuomba radhi. "Jamani, haiumi."

Mama mdogo alilichukua lile yai, akalivunja, akampaka ute, akilia bila kufuta machozi. Hatukuwa na kitu kingine. Nilivua shati langu, na sikujua nilifanyie nini.

Mkata boriti alirudi, ndimu zimejaa kwenye kofia yake. Alipoona, ndimu zilimwagika.

"Nani aliyapima?" aliuliza.

"Hayapimwi," mama mdogo alisema. "Hakuna mkono unaotangulia wa mgonjwa."

"Wa mgeni, mama. Wa mgeni hautangulii. Zamani alikuwapo bibi wa hapa, nyumba yake ndiyo ile yenye kizingiti. Yeye ndiye aliyekuwa akitia mkono kwanza, kila asubuhi, ndipo amwonyeshe mgonjwa pa kukaa. Tulipohamishiwa barabarani naye akahamishwa. Alifia kule." Alitazama jicho la maji. "Nilidhani mnajua. Niliwaonyesha mvumo."

Mama mdogo aliondoka Rufiji akiwa mwari. Alibeba sharti, ila mtu wa kulitimiza alibaki huku. Hakuna aliyemlaumu, na yeye hakuacha kujilaumu.

Tulimrudisha mama kwa baiskeli, miguu imefungwa shati langu, ikivimba ndani yake. Mjomba hakungoja kumaliza kupakia. Aliliendesha lile lori kama lililoibwa, lakini barabara ilikuwa mchanga, na tairi moja ilipasuka tukiwa bado mbali na mji. Tulipofika kwenye kizuizi, saa nane ilikuwa imekwisha kupita na jua limeanza kulala upande. Magari yalikuwa yameegeshwa kando, wenyewe wamelala chini ya vivuli vyake.

"Tuna mgonjwa, afande," mjomba alisema.

Askari alikuwa kijana kama mimi. Alipanda gurudumu, akachungulia nyuma. Mama alikuwa ameegemea boriti, kanga imemfunika hadi vidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekula?"

"Nimekula, mama. Mgonjwa ni yupi?"

"Ndiyo mimi."

"Unaumwa nini?"

"Nimeungua miguu. Lakini haiumi, mwanangu, usihangaike."

Nilifungua mdomo na mama mdogo akafungua wake, tukasema wote kwa pamoja, na kadiri tulivyosema ndivyo tulivyofanana na watu wanaodanganya. Kila aliyesimamishwa pale alikuwa na mgonjwa wake. Nilishika pindo la kanga nimfunulie. Mama akanipiga mkono.

"Usinivue mbele ya mtoto wa watu."

Askari aliona haya, akashuka. "Amri siyo yangu, kaka," aliniambia kwa upole. "Tena mwenyewe anasema haumwi. Alfajiri mtakuwa wa kwanza kupita."

Tukawa wa kwanza kupita.

Hospitali waliupigania mguu wa kushoto, ukabaki. Wa kulia ulichimbika, ukanuka, na mwisho waliukata chini ya goti. Mama alipoamka aliuliza kama kona yake imeshikwa na mtu. Nilimwambia haijashikwa. Ilikuwa imeshikwa, na muuza machungwa.

Daktari alituambia kila kitu siku ile, polepole, kwa Kiswahili kizuri: kwamba sukari huua hisia miguuni, na mtu wa namna hiyo asipime maji kwa mguu wake, apimiwe na mwenye kuhisi, kwa kiwiko, kama anavyopimiwa mtoto mchanga. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Maneno yalikuwa mepesi. Yangeingia kwenye kiganja cha mkono.

Sasa jioni, mikeka ikishakusanywa uani, mimi ndiye ninayemwosha mguu uliobaki. Naweka beseni, namimina, natia kiwiko. Mama mdogo hutazama kutoka mlangoni kwake. Hajasogea karibu na beseni lile hata siku moja.

"Maji vipi?" mama huniuliza. Sasa ni yeye anayeuliza.

"Yako sawa, mama."

Hutia mguu, hutulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza. Nami nimechuchumaa, sijui nasubiri nini.

"Ongeza moto kidogo, baba."

Naichukua birika iliyo tupu. Naiinamisha juu ya beseni, upande wa jicho lake lililokwisha kufifia kwa sukari, na kwa mkono wa pili nakoroga maji yaleyale yatoe sauti.

"Hapo je?"

Hungoja. Vidole vya mguu wake vimelala chini ya maji, havisogei.

"Hapo," husema, akitabasamu. "Hapo ndipo."